Maria Mitchell, mwalimu aliyewapeleka wasichana kulifuata jua

ILIKUWA Julai 1878, katikati ya likizo ya kiangazi, pale mwanamke aliyebakiza siku chache kutimiza miaka 60 alipowasili mjini Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, na kukuta sehemu ya vifaa vyake haijafika. Kampuni mbili za reli zilikuwa zikigombea njia, na katika vuta nikuvute hiyo mizigo ya abiria ilikwama mjini Pueblo. Miongoni mwa vilivyokwama ni lenzi ya darubini. Jua lilikuwa lipatwe Julai 29, wala lisingemngoja mtu.

Mwanamke huyo ni Maria Mitchell, profesa wa elimu ya nyota katika Chuo cha Vassar. Alifuatana na dada yake na wanafunzi wake wa zamani. Jumla yao walikuwa wanawake sita. Bunge la Marekani lilikuwa limetenga fedha kwa misafara ya wataalamu wa serikali, lakini msafara huu haukuwamo katika mgawo huo.

Siku hizi programu za sayansi na hisabati za wakati wa likizo kwa wasichana wa sekondari si jambo la kushangaza tena katika nchi nyingi. Wakati wa Mitchell, kumtoa msichana nyumbani na kumsafirisha mamia ya maili ili akapime anga kulihitaji moyo mgumu, na ni vyema kueleza moyo huo ulitoka wapi.

Alizaliwa Agosti 1, 1818 katika kisiwa cha Nantucket, jimbo la Massachusetts, akiwa mtoto wa tatu kati ya kumi wa familia ya madhehebu ya Quaker, ambayo yaliamini kuwa mtoto wa kike anastahili elimu kama wa kiume. Nantucket kiliishi kwa kuwinda nyangumi. Manahodha walikaa baharini miaka miwili au mitatu, na usalama wao ulitegemea saa za baharini ziitwazo kronomita, ambazo husahihishwa kwa kutazama nyota. Kazi hiyo ilifanywa na baba yake, William Mitchell, na binti akaijua tangu utotoni. Februari 1831, akiwa na miaka 12, alimsaidia baba yake kuhesabu sekunde wakati jua likipatwa. Pengine hapo ndipo ulipo ufunguo wa maisha yake yote: hakufundishwa nyota kwa hadithi, alipewa kazi.

Mwaka 1835 alifungua shule yake mwenyewe na kuwapokea pia watoto wasio Wazungu, jambo ambalo wengi kisiwani hawakulipenda. Mwaka uliofuata alikuwa mkutubi wa maktaba ya Atheneum, kazi aliyoifanya kwa takriban miaka 20. Mchana alitunza vitabu na kuvisoma. Usiku alipanda juu ya paa la benki ambako baba yake alikuwa keshia na familia ilikuwa ikiishi.

Usiku wa Oktoba 1, 1847 kulikuwa na wageni nyumbani. Mitchell aliwaacha, akapanda darini na darubini yake ndogo, akaona nyota yenye mkia ambayo haikuwamo katika ramani. Siku mbili baadaye padri Francesco de Vico aliiona kutoka Roma. Mfalme wa Denmark alikuwa ameahidi nishani ya dhahabu kwa mgunduzi wa kwanza, lakini barua kutoka kisiwani ilichelewa kuondoka, na nusura ushindi umponyoke. Rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, Edward Everett, alimtetea, na mwaka 1848 nishani ikatoka kwa mwenyewe. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Akademia ya Sanaa na Sayansi ya Marekani. Kuanzia 1849 aliajiriwa kukokotoa majedwali ya sayari ya Zuhura kwa ajili ya mabaharia.

Vassar, kilichopo Poughkeepsie katika jimbo la New York, kilifunguliwa Septemba 1865. Mitchell, ambaye hakuwahi kusoma chuo chochote, alipewa uprofesa na darubini yenye lenzi ya upana wa inchi 12. Wasichana wapatao 350 walifika mwaka huo wa kwanza, na wengi hawakuwa tayari kwa masomo ya juu. Ndiyo maana palikuwa na idara ya maandalizi, kama sekondari ndani ya chuo, iliyodumu hadi 1888. Mwalimu huyu hakupenda kutoa alama wala kupanga wanafunzi kwa nafasi. Aliwataka watoke usiku, washike darubini wenyewe, na waandike walichokiona badala ya walichokisoma.

Agosti 1869 aliwachukua wanafunzi wake hadi Burlington, jimbo la Iowa, wakapime kupatwa kwa jua. Halafu ikaja dhoruba. Mwaka 1873 daktari wa Boston, Edward Clarke, alichapisha kitabu akidai kuwa msichana anayesoma kama mvulana huharibu afya yake na uzazi wake, na mfano mmoja akautoa Vassar. Wazazi wakaingiwa na hofu. Daktari wa chuo hicho, Alida Avery, alimpinga hadharani. Avery ndiye aliyewahi kushirikiana na Mitchell kudai mishahara iliyo sawa na ya maprofesa wanaume, wakaipata. Baadaye alihamia Denver kuendesha tiba, na ndiye aliyewapokea wale wanawake sita mwaka 1878.

Kwa hiyo safari hiyo haikuwa ya kutazama jua tu. Kama wangeshindwa, wapo ambao wangesema walijua tangu mwanzo.

Lenzi ilipatikana kabla ya siku yenyewe. Mvua iliyokuwa ikitishia ilikatika, na Julai 29 anga ilikuwa safi. Walisimika darubini kwenye kilima nje ya mji. Watawa wa Kikatoliki wakawaletea chai. Giza kamili lilidumu chini ya dakika tatu, kila mmoja akiwa na jukumu lake, huku taji la mwanga likionekana kulizunguka jua lililofunikwa.

Mitchell alistaafu 1888 na kufariki dunia Juni 28, 1889 mjini Lynn, akazikwa Nantucket. Nafasi yake Vassar ilichukuliwa na mwanafunzi wake, Mary Whitney. Mwingine aliyepita mikononi mwake, Ellen Swallow Richards, alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT. Antonia Maury alikwenda Harvard, akachunguza mwanga wa nyota na kubuni namna yake ya kuzipanga. Kisiwani kwao, chama chenye jina la Mitchell kiliundwa mwaka 1902, na kimeendelea kuwafundisha watoto sayansi wakati wa likizo za kiangazi.