Sidi Mubarak Bombay na Kipande cha Mwisho cha Safari

Sekondari tulikariri majina ya Burton, Speke, Stanley na Cameron kwenye mada ya mawakala wa ukoloni. Swali likija unataja wapelelezi watatu, unaongeza wamisionari na wafanyabiashara, unapata maksi zako, unasonga mbele. Yupo mtu mmoja aliyetembea na wote wanne, na jina lake kwenye notsi zangu halikuwemo. Anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Njia aliyopita inakatiza hapahapa kwetu, kwenye nyanda kavu za Ugogo.

Maisha yake nitayasimulia kwa kufuata kitu kimoja: kipande cha mwisho cha kila safari. Yaani pale ambapo mgeni kashaona alichokuja kukiona, nguo zimechanika, dawa zimeisha, na kazi iliyobaki ni kurudi nyumbani. Vitabu hukipa kipande hicho kurasa chache. Kwa Bombay, mara nyingine kilikuwa safari nyingine nzima.

Alizaliwa miaka ya 1820 hivi katika nchi ya Wayao, karibu na ulipo sasa mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa na umri wa kama miaka 12 alikamatwa na wafanyabiashara ya watumwa, akapelekwa Kilwa, na hatimaye akavushwa bahari hadi India. Huko ndiko alikopata jina. Sidi ndivyo wanavyoitwa India watu wenye asili ya Afrika, na Bombay ni mji. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja, akaingia uaskari wa Sultani katika kituo cha Chogwe karibu na mto Pangani.

Burton na Speke walimkuta huko mwaka 1857. Speke hakujua Kiswahili, lakini alikuwa mwanajeshi wa Uingereza huko India na Kihindustani kilikuwa kinapanda. Bombay naye alikijua. Basi lugha aliyoipata utumwani ikawa ndiyo kazi yake: Speke anauliza kwa Kihindustani, Bombay anageuza Kiswahili, mtu wa tatu anageuza lugha ya wenyeji, na jibu linarudi kwa mlango uleule.

Sasa tuangalie njia yenyewe. Leo treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache. Wakati ule msafara ulitoka pwani, ukapita milima ya Usagara, ukafika Mpwapwa, kisha ukakabili Marenga Mkali, eneo lisilo na maji ya kunywa. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Hakuna begi la mgongoni lenye mikanda laini hapo. Ukivuka Marenga Mkali unaingia Ugogo, na watemi wa Mvumi, Kanyenye na kwingineko wanadai hongo. Wapelelezi waliiandika hongo kama unyang'anyi. Mimi naiona tofauti kidogo. Kwenye nchi ambayo mvua ni za kuhesabu, msafara wa mamia ya watu unaokunywa kisima cha kijiji na kununua nafaka yake lazima ulipe kitu. Ukitoka Ugogo upande wa magharibi unakutana na Mgunda Mkali, pori refu lenye kiu, mpaka Tabora.

Kwa hesabu yangu, Bombay alivuka Ugogo mara sita kwenye misafara hiyo minne. Mara nne akienda magharibi, mara mbili tu akirudi. Hizo mbili zilizokosekana ndizo zinazonivutia zaidi.

Marudio ya kwanza yalikuwa 1858. Msafara ulishafika Ujiji, na Speke, akiwa na Bombay, alishaliona ziwa ambalo alilipa jina la Victoria. Waliondoka Tabora mwezi Septemba, mabwana wote wawili wakiwa wagonjwa. Burton alikuwa kabebwa kwenye machela kwa miezi kwa sababu ya miguu, na Speke alizidiwa njiani kiasi cha kudhaniwa atakufa. Walifika Konduchi Februari 1859. Hebu fikiria nani alikuwa anatembea na nani alikuwa anabebwa, halafu angalia jina la nani liko kwenye ramani.

Safari ya pili, 1860 hadi 1863, haikurudi Ugogo kabisa. Ilipoingia Ugogo wapagazi wengi walitoroka kwa njaa na ugumu wa njia. Bombay alibaki. Alifika Buganda kwa Kabaka Mutesa, akafika mahali Nile inapotoka ziwani Julai 1862, kisha akashuka na mto hadi Cairo. Kwa Speke na Grant safari iliishia hapo. Walipanda meli kwenda Uingereza kupokewa kwa shangwe. Bombay alikuwa bado yuko mbali sana na nyumbani. Aliwekwa kuwa kiongozi wa wenzake waliobaki, wakasafiri kwa Suez, Aden, Mauritius na Shelisheli hadi wakafika Unguja. Kipande hicho cha mwisho hakikuwa na mpelelezi ndani yake.

Marudio ya tatu ni ya 1872, pamoja na Stanley, baada ya kumpata Livingstone Ujiji. Waliondoka Tabora katikati ya Machi na kufika Bagamoyo tarehe 6 Mei, katikati ya masika. Ugogo walipita, lakini mbele yake mito ilikuwa imefurika. Mpagazi mmoja alipoingia mtoni na sanduku la karatasi za Livingstone kichwani, maji yakimfika shingoni, Stanley alimwelekezea bastola asije akaliangusha. Ndiyo hali ya kazi ilivyokuwa. Bombay mwenyewe aliwahi kuchapwa na Stanley, na mapengo yake ya mbele yalitokana na ngumi za Speke, yule yule aliyemsifu sana kitabuni.

Ya nne alikwenda na Cameron, kuanzia 1873. Walivuka bara zima, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Atlantiki huko Benguela, Novemba 1875. Cameron anatajwa kama Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya kati kutoka mashariki hadi magharibi. Bombay alikuwa mkuu wa watu wake. Na tena, Cameron alirudi kwao Uingereza, huku Bombay na wenzake wakirudishwa kwa bahari, kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hadi Unguja.

Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 ikampa pensheni. Hukadiriwa kwamba maishani mwake alisafiri kama maili 6,000, nyingi kwa miguu. Alifariki Unguja Oktoba 1885.

Huo mwaka ndio unaonisumbua. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba, Usagara ikiwemo, mlangoni kabisa mwa Ugogo. Njia aliyoijua Bombay ikawa njia ya watawala. Je, tumwite shujaa au msaidizi wa ukoloni? Mdau mmoja bwenini aliniambia jamaa aliuza ramani. Simkatalii moja kwa moja, maana bila watu kama Bombay Burton asingevuka hata Marenga Mkali. Lakini tunamdai mtu aliyeng'olewa kwao akiwa mtoto atetee nchi ambayo haikuwa bado nchi, wakati yeye alikuwa anatafuta mshahara kwa ujuzi pekee aliokuwa nao: lugha, miguu na uvumilivu.

Hakuacha maandishi. Tunachokijua kimepita kwenye kalamu za waliomwajiri, mmoja akimsifu, mwingine akimlalamikia. Kwa hiyo sisi tunaosomea ualimu tuna kazi. Mwakani wengi wetu tutasimama mbele ya darasa na mada itakuwa ileile. Tukifika kwenye wapelelezi, tuwaulize wanafunzi swali moja ambalo mtihani hauulizi: baada ya Cairo, na baada ya Benguela, nani alikuwa bado yuko safarini?