Fundi Konde: Sauti Iliyotangulia Redio za Mitaani

Mtaa wa Kibera ulipopata redio yake, Pamoja FM, mwaka 2007, wengi walifurahi kwamba mnyonge naye sasa atasikika. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka ule, kituo hicho kidogo kiliwasihi majirani wasiuane. Lakini mimi naona njia ilifyekwa zamani, na mmoja wa waliofyeka ni mwana wa Pwani, marehemu Fundi Konde.

Alizaliwa mwaka 1924 Mwabayanyundo, wilayani Kilifi. Alipokuwa mtoto wa miaka minne, redio ilianza kutangaza Nairobi, ila ilikuwa ya Wazungu na kwa lugha yao. Ilibidi vijana wetu wapelekwe kwenye Vita Kuu ya Pili ndipo Kiswahili kikapewa nafasi hewani, ili jamaa za askari wapate habari. Fundi Konde naye aliingia jeshi la KAR, katika kikosi cha burudani. Ni jeshi hilo hilo ambalo askari wake wa Kinubi, miaka mingi kabla yake, ndio walioianza Kibera.

Vita vilipokwisha alifanya kazi Nairobi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akirekodi waimbaji. Konde akawa miongoni mwa wapigaji wa kwanza wa gitaa la umeme nchini Kenya. Santuri zake za miaka ya 1940 na 1950, kama vile Tausi Ndege Wangu na Majengo Siendi Tena, zilichukuliwa na redio zikavuka makabila yote. Mtu wa Kawangware asiyeijua Kilifi hata kwa ndoto aliweza kuziimba.

Mimi ni mtunzi, nilijifunza vina na mizani kabla sijalizoea gitaa, na sioni haya kumwita Konde mwenzetu. Kumfumba mpenzi kwa jina la ndege ni ada kongwe ya washairi wa Pwani. Yeye aliitoa barazani akaifikisha mjini, kwa Kiswahili chepesi kisichomwacha mtu nyuma.

Lakini redio hueneza sauti na kusahau jina. Nyimbo zake ziliimbwa na wengine, zikaitwa zilizopendwa, na wasikilizaji wengi wasijue ni za nani. Nawashukuru vijana wa Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa Mombasa, ambao walimwendea uzeeni wakarekodi pamoja naye. Alifariki mwaka 2000.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji, wa Kibera, wa Kawangware na wa kwetu Mvita, ni dogo. Kabla ya kuupiga wimbo, tajeni aliyeutunga. Hilo halina gharama, na ni deni tunalodaiwa na marehemu.