FAKIR BAYKURT, MWALIMU WA VIJIJI VYA UTURUKI

Safari hii tunawaletea maisha ya mtu wa Uturuki, mwalimu wa mugini, aliyeandika vitabu mpaka wakubwa wa Leta wakakasirika. Anaitwa Fakir Baykurt. Alizaliwa mwaka 1929 na wazazi wakamuita Tahir. Fakir ni jina la baadaye, nalo ndilo alilobaki nalo mpaka kufa. Hapa hatuna lazima ya kutafsiri, sababu sisi na Waturuki tulichota neno hili ku kisima kimoja, kwa Waarabu: fakiri, mtu asiye na kitu.

Na kweli hakukuwa na kitu. Kijiji chao, Akçaköy, kiko upande wa Burdur, kusini-magharibi ya Uturuki. Watu wa kule walikuwa wakulima wa shamba ndogo. Mwaka mmoja kabla ya yeye kuzaliwa, Leta ya Atatürk ilikuwa imeacha maandiko ya Kiarabu na kuingiza herufi za kilatini, hizi zetu. Basi hata mzee aliyejua kusoma kidogo, siku moja alijikuta hajui tena! Mu vijiji vingi hapakuwa masomo yoyote.

Mu mwaka 1938 baba akafa. Mtoto alikuwa na miaka tisa tu. Mjomba wake akamuchukua mbali, mpaka Burhaniye, kwa kazi ya kufuma vitambaa. Hapo masomo yalikuwa yamekwisha, tuseme kweli. Ni watoto wangapi tunaojua walioishia hapo hapo? Lakini vita ya pili ya dunia ikaanza. Uturuki haikuingia vitani wakati ule, ila iliita wanaume wengi ku jeshi, na mjomba akaitwa pia. Mtoto akarudi nyumbani na kuendelea na masomo. Kwa hiyo vita iliyoharibu maisha ya wengi, kwake ilifungua mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo, na wenzetu wa pedagojia wasikilize vizuri. Tarehe 17 Aprili 1940 Uturuki ilitoa sheria ya kujenga masomo ya waalimu wa vijiji. Waziri alikuwa Hasan Âli Yücel, lakini mwenye wazo na mwenye kulitembeza ni İsmail Hakkı Tonguç, mkubwa wa masomo ya msingi, naye mwenyewe mtoto wa wakulima. Walisema namna hii: mwalimu wa mjini akitumwa kijijini, hatakaa, atatafuta njia ya kurudi mjini. Basi tuchukue watoto wa kijiji wenyewe, wavulana na wasichana, tuwafundishe miaka mitano, kisha warudi kwao. Masomo hayo yalifika 21. Nusu ya wakati ilikuwa ya vitabu, robo ya kulima, robo ya kazi za mikono: kujenga, useremala, uhunzi, na kwa wasichana kushona na kufuma. Mara nyingi wanafunzi walijenga wenyewe nyumba za kulala na kalasi zao. Walipiga mandolini. Walisoma vitabu vya dunia nzima vilivyotafsiriwa kwa Kituruki, mtoto wa mchunga mbuzi anasoma Warusi na Wagiriki wa zamani. Akimaliza, mwalimu alipewa vyombo vya kazi na shamba, naye alipaswa kutumika kijijini miaka 20. Miaka 20, rafiki! Hapo sijui wangapi kati yetu wangetia sahihi.

Baykurt aliingia ku somo la Gönen, upande wa Isparta, akatoka na diploma mwaka 1948. Lakini wakati huo upepo ulikuwa umegeuka. Matajiri wenye mashamba makubwa hawakupenda mkulima anayejua kuhesabu deni lake. Wengine walisema wavulana na wasichana kusoma pamoja ni aibu, wengine wakasema ni ukomunisti. Mwaka 1946 Yücel na Tonguç waliondolewa, na mwaka 1954 masomo yale yakafungwa kwa sheria. Yalikuwa yamekwisha kutoa waalimu karibu 17,000. Wakati wa kufungwa mwenzao mmoja, Mahmut Makal, alikuwa ametoa tayari kitabu, mwaka 1950, juu ya njaa na baridi ya kijiji alimofundisha. Kilisomwa sana, na mwandishi akatiwa bolokoni kwa muda.

Fakir aliona hayo yote, na hakunyamaza. Alifundisha vijijini miaka mitano, akaenda Ankara ku Gazi kusomea lugha na vitabu, akamaliza 1955, akafundisha ku sekondari. Mu 1958 riwaya yake Yılanların Öcü, maana yake Kisasi cha Nyoka, ilipata zawadi ya Yunus Nadi, na mwaka uliofuata ikatoka kitabu. Habari yake ni ndogo kabisa. Chifu wa kijiji anauzia mtu kiwanja mbele ya nyumba ya maskini Bayram, ili mwingine ajenge pale na kumuziba. Bayram angenyamaza. Ila mama yake, mjane Irazca, anakataa. Huyu mama mzee ndiye mtu mkubwa wa kitabu, kuliko wanaume wote waliomo. Kwa mawazo yangu, Baykurt hakuandika mtu mzuri kuliko Irazca, hata katika vitabu vya nyuma.

Kwa ajili ya maandiko yake akaondolewa ku kalasi. Waaskari walipochukua utawala tarehe 27 Mei 1960, alirudishwa kazini, akafanywa enspekta wa masomo Ankara. Kisasi cha Nyoka kikafanywa filamu na Metin Erksan mu 1962, na wachunguzi wa Leta wakataka kuizuia; ilibidi rais Cemal Gürsel aitazame mwenyewe ndipo ikapita. Mwaka ule ule Baykurt alienda kusoma Marekani, ku universite ya Indiana. Aliporudi hakuja na sifa tupu: mu 1967 alitoa riwaya juu ya Wamarekani wanaokuja kutengeneza kijiji cha mfano karibu na Ankara, na jinsi msaada ule unavyoharibika. Mwaka huo alitoa pia Kaplumbağalar, ni kusema Kobe, ambamo wanakijiji na mwalimu wao wanageuza jangwa kuwa shamba la zabibu, halafu Leta inakuja kupima ardhi na kusema ni yake. Tırpan, ya 1970, inaeleza msichana anayeozeshwa kwa nguvu kwa tajiri mzee.

Kalamu peke yake haikumtosha. Mu 1965 waalimu waliunda sindika yao, TÖS, naye akawa rais wake. Julai 1969 mkutano wao mjini Kayseri ulishambuliwa na umati wa watu. Desemba ya mwaka huo waalimu waliacha kazi siku nne katika nchi nzima, na waliofanya hivyo walikuwa zaidi ya 100,000. Machi 1971 jeshi likaingilia tena. Sindika ikafungwa, na rais wake akatiwa gerezani.

Mu 1979 alihamia Ujerumani, mji wa Duisburg, mahali Waturuki wengi walitumika ku viwanda vya chuma na migodi ya makaa. Walikuwa wale wale wakulima wake, sasa wamevaa kofia ya kiwanda, na watoto wao wanapotea kati ya lugha mbili. Akashughulika na masomo ya watoto hao, akaandika riwaya tatu juu ya maisha yao. Ya mwisho, Yarım Ekmek, Nusu Mkate, ilitoka 1997.

Alikufa tarehe 11 Oktoba 1999 ku hospitali ya Essen. Maiti yake ilirudishwa Uturuki na kuzikwa Istanbul, mu makaburi ya Zincirlikuyu, mbali sana na Akçaköy.