Percy Julian: Mjukuu wa mtumwa aliyeshusha bei ya homoni za uzazi

SINDANO ya uzazi wa mpango anayochomwa mama katika vituo vya afya vya Musoma, Bunda au Butiama ina homoni ya jamii ya projesteroni, ambayo miaka ya 1930 ilikuwa adimu na ghali mno.

Miongoni mwa walioiwezesha kupatikana kwa wingi ni mkemia mweusi wa Marekani, Dk. Percy Julian.

Alizaliwa Aprili 11, 1899 mjini Montgomery, Alabama, akiwa mjukuu wa mtumwa. Wakati huo mji huo haukuwa na sekondari ya serikali kwa watoto weusi, hivyo alipoingia Chuo Kikuu cha DePauw, Indiana, alilazimika kusoma masomo ya sekondari sambamba na ya chuo. Mwaka 1920 alihitimu akiwa wa kwanza darasani.

Harvard ilimpa shahada ya uzamili mwaka 1923, lakini ubaguzi ukamzuia kuendelea hapo. Alivuka bahari hadi Austria na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1931.

Mwaka 1936 aliajiriwa na kampuni ya Glidden, Chicago. Huko maji yalivuja ndani ya tangi la mafuta ya soya na kuacha machicha meupe. Kilichoonekana kuwa hasara, Julian alikitambua kuwa ni stigmasteroli, malighafi ya kutengenezea projesteroni.

Kuanzia 1940, homoni hiyo ilitengenezwa kwa wingi kutokana na soya, badala ya viungo vya wanyama. Madaktari waliitumia kwa wajawazito waliokuwa hatarini kupoteza mimba.

Hata hivyo, sifa hizo hazikumkinga na chuki. Mwaka 1950 nyumba aliyoinunua Oak Park, karibu na Chicago, ilinusurika kuteketezwa kwa moto. Juni 1951 ikarushiwa baruti, watoto wake wakiwa ndani. Julian hakuhama.

Mwaka 1953 alianzisha kampuni yake, akawaajiri wakemia weusi waliofungiwa milango kwingine, na kuiuza mwaka 1961 kwa zaidi ya dola milioni 2.

Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani mwaka 1973. Alifariki dunia Aprili 19, 1975, akiwa na umri wa miaka 76.

Oak Park, ambako alitaka kufukuzwa kwa baruti, leo kuna shule yenye jina lake.