Idi Amin na ndoto ya Tororo

Tarehe 4 Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwahutubia askari katika kambi ya Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Aliwaeleza kwamba Mwenyezi Mungu amemwagiza usingizini awaondoe Waasia nchini Uganda. Punde wakapewa muda wa siku 90. Kufikia Novemba mwaka huohuo, zaidi ya watu 50,000 walikuwa wameondoka, wakiacha maduka, viwanda vya sukari, mashamba na nyumba. Wapatao 28,000 walipokewa Uingereza.

Mwota ndoto huyo alikuwa na asili ya West Nile. Baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko aliyesilimu, na mama yake Mlugbara, ambaye simulizi nyingi humtaja kuwa mganga. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote kwa uhakika. Wengi hukadiria kati ya 1925 na 1928. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, akapigana na Mau Mau nchini Kenya, na kwa miaka kadhaa akawa bingwa wa ndondi wa Uganda. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore, Amin alitwaa madaraka.

Huko kwao, kuanzia Koboko hadi Omugo na Arua, habari za watu kupokea ujumbe kutoka ghaibu hazikuwa ngeni. Kabla Amin hajazaliwa, nabii wa Kikakwa aliyeitwa Rembe aliwanywesha watu maji ya Yakan, yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi. Wakoloni waliyaita maji ya Allah, ingawa Rembe hakuwa mwalimu wa Kiislamu. Mwaka 1919 wafuasi wa maji hayo wakawaasi Waingereza.

Lakini Amin alisema kama Mwislamu, na Uislamu una elimu yake juu ya ndoto. Mafundisho ya Mtume huzigawa mafungu matatu: ruya njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, vitisho vya shetani, na mazungumzo ya nafsi, yaani yale ambayo mtu amekuwa akiyawaza mchana. Ruya njema huhesabiwa kuwa sehemu moja katika sehemu 46 za unabii. Hata hivyo, wanazuoni wamekubaliana kwamba ndoto ya mtu asiye nabii haiwezi kuhalalisha kilichoharamishwa, na mali ya mtu kuchukuliwa bila haki ni haramu iliyo wazi.

Katika elimu hiyo, jina linalotajwa zaidi ni la Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729. Husimuliwa kuwa watu wawili walimjia kwa nyakati tofauti, kila mmoja akieleza kuwa ameota anaadhini. Mmoja alimbashiria kwenda Hija. Mwingine akamwambia atashikwa kwa wizi. Wanafunzi wake walishangaa, naye akawaeleza kwamba alitazama kwanza mwenye ndoto, ndipo akaitazama ndoto.

Mizani hiyo haikuwekwa Tororo. Oktoba 1971, miezi mingi kabla ya ndoto, serikali ya Amin ilikuwa imewahesabu Waasia, na Desemba aliwaita viongozi wao na kuwalaumu hadharani kwa kuhodhi biashara. Ukitazama fungu la tatu la ndoto, haihitaji shekhe mkubwa kuona ndoto hii inaangukia wapi. Zaidi ya hayo, maelfu miongoni mwa waliofukuzwa walikuwa Waislamu, wakiwemo Waismailia, wafuasi wa Aga Khan, ambao wengi wao walihamia Kanada.

Kwa Waislamu wa Uganda, walio wachache nchini, Amin aliacha mambo ambayo si haki kuyanyamazia. Baraza Kuu la Waislamu liliundwa 1972 na likapewa ardhi katika kilima cha Kampala ya Zamani. Ijumaa ikawa siku ya mapumziko. Uganda ikajiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu. Mwaka 1973 aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa, ingawa Waganda wengi walikuwa tayari wamezoea kukisikia kinywani mwa askari wenye bunduki. Chini ya utawala huohuo maelfu kwa maelfu waliuawa, Waislamu wakiwa miongoni mwao.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia. Watu wa West Nile hawakuwa na ndege ya kuwachukua. Askari wa serikali mpya walilipiza kisasi kwa raia, na mnamo Juni 1981 wakaua watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Vijiji vikabaki vitupu, watu wakavuka kwenda Sudan na Zaire. Wengi walikaa ukimbizini hadi katikati ya miaka ya 1980. Tangu 2017 ni zamu ya Omugo kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan Kusini.

Amin alizoea pia kusema kwamba aliota siku ya kifo chake, na kwa sababu hiyo hakuogopa njama za maadui. Hakuwahi kuitaja siku hiyo hadharani. Alifariki hospitalini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, baada ya wiki kadhaa za kupoteza fahamu, akazikwa katika mji huohuo.