Baroni Le Roy, mtu aliyepigania jina la kijiji

Ukiteremka Goma, ukaingia sokoni Virunga, utakuta fromaji zimepangwa mezani, za mviringo, rangi ya manjano. Uliza muuzaji zinatoka wapi. Atakujibu: Masisi. Muulize wa pembeni, naye atasema Masisi. Labda ni kweli, labda hapana, maana hakuna alama yoyote juu ya ile fromaji ya kukuonyesha ng'ombe alikula majani ya mlima gani. Jina linauza, njo maana kila mtu analibeba. Na kahawa yetu ya Kivu nayo tunaijua hadithi yake: kwa miaka mingi imevuka ziwa usiku kwa mitumbwi, na ikifika ng'ambo inauzwa kwa jina la kwingine.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyekutana na shida ya namna hii miaka mia moja iliyopita, mbali sana na huku, kusini mwa Ufaransa. Yeye hakuwa na ng'ombe wala kahawa. Alikuwa na mizabibu, ile miti inayozaa zabibu za kutengeneza divai. Jina lake lote ni refu: Pierre Le Roy de Boiseaumarié. Watu walimwita tu Baroni Le Roy. Baroni ni cheo cha ukoo, mtoto anakirithi kwa baba. Lakini msikilizaji usikifananishe na mwami. Wafaransa walishaondoa utawala wa mabwana tangu mapinduzi ya mwaka 1789, kwa hiyo baroni wa wakati wa Le Roy hakutawala mtu na hakugawa ardhi. Alibaki na jina, heshima, na mara nyingine shamba.

Alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Gray, upande wa mashariki wa Ufaransa. Masomo yake ya sheria aliyafanyia Montpellier, kule kusini, na kusini ya miaka ile ilikuwa moto. Bei ya divai ilikuwa imeanguka mpaka mkulima hapati hata ya kulipa vibarua. Divai ilikuwa nyingi kupita kiasi, lakini kulikuwa pia na udanganyifu: wafanyabiashara walichanganya maji na sukari, wakaongeza rangi, wakauza. Mwaka 1907, Le Roy akiwa na miaka 17, wakulima waliingia barabarani. Tarehe 9 Juni, Montpellier peke yake ilijaa watu zaidi ya nusu milioni. Siku chache baadaye, mjini Narbonne, askari walipiga risasi na watu walikufa. Serikali ikaogopa, ikatoa sheria dhidi ya divai ya uongo. Kijana anayesoma sheria katika mji kama huo hawezi kusema hakuona.

Vita kubwa ya 1914 ilipoanza alikwenda jeshini, akawa rubani wa ndege za vita. Kazi ile ilikuwa kama kuchezea kifo, maana ndege zilikuwa za mbao na kitambaa. Alirudi mzima, na baada ya vita akaoa binti mmoja wa ukoo uliokuwa na shamba liitwalo Château Fortia, katika kijiji cha Châteauneuf-du-Pape. Kwa hiyo muelewe vizuri: mtu huyu aliyekuja kuwa jina kubwa la kijiji hakuwa mwana wa kijiji. Aliingia kama mkwe.

Châteauneuf-du-Pape maana yake ni Ngome Mpya ya Papa. Iko kati ya miji ya Orange na Avignon, karibu na mto Rhône. Katika karne ya 14 mapapa wa Kanisa Katoliki walikaa Avignon, si Roma, na mmoja wao, Yohane wa 22, alijenga ngome pale kilimani. Udongo wa kule ungemshangaza mkulima wa Masisi. Sisi tumezoea udongo mweusi wa volkeno, unatupa mbegu na inaota. Kule mashamba mengi yamefunikwa na mawe ya mviringo, makubwa kama ngumi au zaidi, mpaka unajiuliza mti unapita wapi. Lakini mawe yale yanashika joto la jua mchana na kulirudisha usiku, na zabibu inaiva vizuri.

Kabla ya Le Roy kufika, kijiji kilishapita katika msiba. Miaka ya 1860, mdudu mdogo aliyetoka Amerika alianza kula mizizi ya mizabibu, na eneo hilo la mto Rhône lilikuwa kati ya fasi za kwanza kabisa za Ufaransa kuguswa. Wale wanaokumbuka ugonjwa wa migomba ulivyoingia Masisi mwanzo wa miaka ya 2000 hawahitaji kuelezwa. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la mzabibu wa Kiamerika, ambao mdudu hauwezi. Kupanda upya kulichukua miaka mingi na pesa nyingi.

Sasa walishapanda, wanavuna, na divai yao ni nzuri na yenye nguvu. Kumbe nguvu yenyewe ikawa shida. Wafanyabiashara wa Bourgogne, eneo lenye jina kubwa zaidi, walikuja kuinunua kwa mapipa, wakaitia ndani ya divai yao iliyokuwa nyepesi, na ikauzwa kwa jina la Bourgogne. Na upande wa pili, watu wa mbali waliweka jina la Châteauneuf-du-Pape juu ya divai ambayo haijawahi kuona kijiji hicho. Mkulima alikuwa anaibiwa mara mbili: divai yake inaondoka bila jina, na jina lake linatembea bila divai.

Mwaka 1923 wakulima walikwenda kumuona Le Roy nyumbani Fortia. Alikuwa na miaka 33, anajua sheria, na ana cheo ambacho jaji hawezi kukidharau. Walimuomba awaongoze katika vita dhidi ya wadanganyifu. Alikubali, lakini kwa sharti moja: waanze wao wenyewe kuwa safi. Kama mtu wa Châteauneuf anaweka sukari katika divai yake, au anachanganya na ya jirani wa bondeni, atakwenda na uso gani mbele ya tribunali kumshitaki wa mbali?

Hapo njo sisi tunaona ukubwa wake, kuliko katika cheo. Ingekuwa rahisi kupiga kelele juu ya wezi wa nje na kushangiliwa.

Chama kikaundwa, na wakajiwekea masharti. Divai lazima ifike nguvu ya digrii 12.5 bila kuongezwa sukari, na wakati huo hiyo ilikuwa juu sana. Aina za zabibu zikatajwa kwa majina. Namna ya kukata matawi ikawekwa. Wakati wa mavuno kila mtu alilazimika kuchambua na kutupa sehemu ya zabibu zake, zile mbovu na zisizoiva. Kumwambia mkulima atupe mazao yake! Na shamba lenyewe? Wakatafuta kipimo ambacho hata mtu asiyesoma anakielewa: fasi inapoota mimea miwili ya porini inayopenda ukame, lavanda na zaatari, njo udongo mkavu unaofaa. Udongo wa rutuba na maji mengi, ule ambao sisi tungeukimbilia, ulikataliwa, kwa sababu unatoa zabibu nyingi zenye maji.

Halafu wakaenda mahakamani. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imewapa majaji nguvu ya kuamua nani ana haki juu ya jina la mahali. Kesi haikuisha mbio. Wataalamu walitumwa kupima, tribunali ya Orange ikatoa hukumu mwaka 1929, waliokataa wakapanda juu, mpaka mahakama kuu ya Ufaransa ikafunga neno mwaka 1933. Miaka kumi tangu ile siku ya Fortia.

Tuseme pia upande mwingine. Ukichora mpaka, kuna anayebaki nje. Kulikuwa na watu wa kijiji chenyewe ambao mashamba yao yalikataliwa, na kuanzia hapo divai yao haikuweza kubeba jina la kijiji walichozaliwa. Sisi wa Masisi tunajua neno mpaka lina uzito gani mdomoni. Pia faida kubwa ilikwenda kwa mwenye shamba zuri, na Le Roy alikuwa mmoja wao, mwenye shamba la mke wake ndani ya mstari. Kibarua aliyevuna hakuandikwa popote kwenye chupa. Ila mpaka ule ulipimwa kwa udongo na kwa mimea. Haukuuliza mtu ni wa ukoo gani wala babu yake alitoka wapi. Baroni mkwe alikuwa ndani, wenyeji wengine walikuwa nje, kila mmoja kwa sababu ya mawe yake.

Yale ya kijiji kimoja yakawa mfano kwa nchi nzima. Mtu wa siasa aliyebeba jambo hili Paris aliitwa Joseph Capus, seneta wa upande wa Bordeaux, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo. Tarehe 30 Julai 1935 serikali ilitoa dekreti iliyounda kamati ya taifa ya kulinda majina ya asili ya divai, na Le Roy alikuwa ndani ya kazi hiyo tangu mwanzo. Tarehe 15 Mei 1936 majina ya kwanza yalitangazwa, na Châteauneuf-du-Pape lilikuwa kati yao. Mwaka uliofuata kijiji kilitengeneza chupa yake, yenye kofia ya Papa na funguo mbili zilizochongwa ndani ya kioo chenyewe. Etiketi ya karatasi unaweza kuibandua, kioo hapana.

Vita ya pili ilipita hapo pia. Mwaka 1944 Wajerumani walipokuwa wanakimbia walilipua ngome ya Papa, na mpaka leo umesimama upande mmoja tu wa ukuta. Mwaka 1947 Capus alifariki, na Le Roy akachukua kiti cha kamati ile, ambayo sasa ilikuwa taasisi ya taifa, INAO. Alikikalia miaka 20, mpaka kifo chake mwaka 1967. Aliongoza pia shirika la kimataifa la mizabibu na divai. Kijiji cha Sainte-Cécile-les-Vignes kilimsimamishia sanamu akiwa bado mzima, jambo ambalo huku kwetu wazee wangeliona kama kumtakia mabaya.

Kazi yake haikubaki kwenye divai. Tangu mwaka 1990 INAO inashughulika na mazao mengine pia, hata fromaji. Barani Afrika, mwaka 2013, pilipili ya Penja na asali nyeupe ya Oku, zote za Kameruni, zilipata ulinzi wa jina la mahali. Kule Oku ni asali ya mlimani, ya wafugaji nyuki wa kijiji, sawa na watu wa huku juu.

Château Fortia bado inatoa divai.