Mwalimu Nyerere alivyogeuza redio kuwa darasa la afya

UKITAJA jina la hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere hapa Burundi, wengi hukumbuka mazungumzo ya amani ya Arusha. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tunamkumbuka pia kama Rais wa nchi iliyowapokea wazazi wetu mwaka 1972. Leo nataka kumweleza kwa kazi yake nyingine isiyotajwa sana: jinsi nchi aliyoiongoza ilivyowafundisha watu wazima wapatao milioni mbili mambo ya afya bila kuwatoa vijijini mwao.

Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, umri ambao leo tungesema mtoto amechelewa. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere alikosomea ualimu, akarudi Tabora kufundisha. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, akarudi 1952 na shahada na kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka 1955 aliacha kazi ya darasani ili aongoze chama cha TANU. Aliacha chaki, lakini ualimu haukumwacha, na jina la Mwalimu alikufa nalo.

Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, alikabidhiwa nchi kubwa yenye walimu wachache na madaktari wachache zaidi. Hata mwaka 1967, takribani watu wazima wawili kati ya watatu walikuwa hawajui kusoma. Mwalimu alipiga hesabu ya mkulima. Mtoto anayeingia darasa la kwanza atachukua miaka mingi kabla elimu yake haijaisaidia nyumba. Anayechota maji, anayepika na anayeuguza wagonjwa leo ni mzazi wake. Basi mzazi naye afundishwe, na afundishwe pale alipo. Ndiyo maana mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Lakini utamfundishaje mtu aliye mamia ya kilometa kutoka chuo chochote? Jibu lilikuwa redio. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu chenye lugha nyepesi, kisha wakajadiliana. Walijifunza kuhusu malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Asiyejua kusoma alisomewa na mwenzake.

Ndugu msomaji, siri ya kampeni ile haikuwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na viongozi hao walikaribia 75,000 nchi nzima. Aidha, somo halikuishia kwenye maneno. Kikundi kilitakiwa kuamua kitafanya nini: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi, kuchemsha maji, kuchimba choo. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Huo ndio ulikuwa mtihani wao, na msahihishaji alikuwa jirani.

Njia hiyohiyo ilitumika tena kwa walimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto apate shule ya msingi, vyuo vya ualimu havikutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba waliingia kufundisha huku wakisoma kwa posta na redio, na wakufunzi wakiwazungukia. Zaidi ya 30,000 walipata ualimu kwa njia hiyo. Watu waliwacheka, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nilizaliwa makazini kwa wakimbizi na nilifundishwa kusoma na mmoja wao. Kila Ijumaa alitukagua kucha na kutuuliza kama nyumbani maji yanachemshwa. Kicheko kile sijawahi kukielewa.

Hata hivyo, sifa zisifiche ukweli. Katika miaka hiyohiyo watu wengi walihamishiwa vijiji vya ujamaa, na mahali pengine kwa nguvu. Baadaye uchumi ulianguka, na zahanati nyingi zikakosa dawa. Redio inaweza kumfundisha mama dalili za malaria, lakini haiwezi kumpa kidonge. Elimu ya mbali huhitaji zahanati iliyo karibu.

Mwalimu alitoka madarakani mwaka 1985. Miaka yake ya mwisho aliitumia kwa ajili yetu, akisuluhisha Warundi, hadi alipofariki London Oktoba 14, 1999. Nelson Mandela alichukua nafasi yake, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 28, 2000. Wachache wanajua kwamba Mandela naye alikuwa mwanafunzi wa posta. Shahada yake ya sheria aliipata mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, akiwa bado mfungwa. Basi amani iliyotufungulia njia ya kurudi ilipita mikononi mwa mwalimu wa redio na mwanafunzi wa posta.

Nayasema haya kwa sababu wengi tuliorudi mwaka 2008 na 2009 tulikwamia shuleni. Tulisoma kwa Kiswahili, tukakuta Kifaransa. Nawajua waliotamani kuwa wauguzi ambao leo wanauza nguo Mugina na Kobero, wakiamini kwamba umri umewapita na kwamba kozi isiyo na jengo si kozi. Wakati huohuo kipindupindu kimerudi mara kwa mara kwenye mwambao wa Tanganyika, nacho hakiulizi mtu alisoma kwa lugha gani.

Leo simu ya mkononi inabeba masomo kuliko redio ya mwaka 1973. Tunachokosa ni kikundi, kiongozi aliyefunzwa na mtu wa kuja kuona kama choo kimechimbwa. Kozi isiyo na vitu hivyo, hata ikiwa na picha nzuri, iogopeni. Ikiwa navyo, ulizeni kwanza kama cheti chake kinatambuliwa hapa, kisha jiandikisheni watatu au wanne pamoja, mkutane siku ambayo si ya gulio. Aliyeanza shule na miaka 12 alikuja kuwa Mwalimu wa taifa. Mwenye miaka 35 na meza ya mitumba hajachelewa kuwa mhudumu wa afya wa kilima chake.